Natafuta riwaya za mapenzi na upelelezi zisizo na uchafu wala vilio. Za Kiswahili zimeenda wapi?

#1 Msomaji_Umoja
Salaam wadau. Chama chetu cha akina mama hapa Umoja kina mtindo: tukishamaliza michango na chai, tunabadilishana vitabu. Wamo wasichana wa sekondari wanaokuja na mama zao, wamo wafanyabiashara wa soko, na yumo shosho anayesomewa na mjukuu kwa sababu macho yamechoka. Kwa hivyo kitabu kinasomwa kwa sauti mbele ya watu wa rika zote, na hapo ndipo penye shida. Majuzi mjukuu alifika ukurasa fulani, akanyamaza, akafunga kitabu, akasema taa inamuumiza macho. Ilikuwa saa nane mchana.

Natafuta riwaya za mapenzi, za upelelezi, au zenye vyote viwili. Wapendane, lakini mambo ya chumbani yabaki chumbani. Akiuawa mtu, tusionyeshwe utumbo. Tucheke, na mwisho tufunge kitabu tukiwa na furaha. Kiingereza tunasoma, ila shosho anataka Kiswahili.

Tena nasema hivi: riwaya ya mapenzi ya Kiswahili ikianza na harusi itaishia hospitali, mahakamani au kaburini. Anayejua ya kucheka aitaje.

#2 DuduLaVitabu
Anzeni na Mma Ramotswe. Kitabu kinaitwa The No. 1 Ladies' Detective Agency, cha 1998. Mwanamke wa Botswana anarithi ng'ombe wa babake, anawauza, anafungua ofisi ya upelelezi Gaborone. Kesi zenyewe ni za mtaani: mume anayetoroka usiku, binti mwenye mpenzi wa siri, tapeli anayejifanya baba wa mtu. Mpelelezi anakunywa chai kuliko anavyokimbizana na watu. Karani wake, Mma Makutsi, alipata asilimia 97 chuo cha makarani na hatakuacha usahau. Raha tupu kuona mwandishi wa Botswana akiandika wanawake wake kwa heshima namna hiyo.

#3 MwalimuKarani
@DuduLaVitabu kitabu ni kizuri, lakini Alexander McCall Smith si Mtswana. Ni Mskoti aliyezaliwa Bulawayo, Zimbabwe ya leo, na alikuwa profesa wa sheria Edinburgh. Botswana aliishi na kufundisha, ndiyo maana anaijua.

#4 Akinyi_Donholm
Mimi ni shabiki wa Mma Ramotswe, ila nawatahadharisha walio na watoto. Kitabu cha kwanza kina kesi ya mtoto aliyepotea inayohusishwa na uchawi wa viungo vya watu, na kuna kurasa za ndoa yake ya kwanza, mume mpiga trumpeti aliyekuwa akimpiga. Vimeandikwa kwa staha, lakini si kicheko kitupu. Msome kwanza wewe mwenyewe kabla ya kumpa mjukuu.

#5 DuduLaVitabu
Jamani msimwage mtama, wengine hawajafika huko. Wanaotaka mapenzi wajiandae kusubiri: yeye na Bwana J.L.B. Matekoni, fundi wa magari, wanachumbiana hadi kitabu cha tano ndipo wanaoana.

#6 Fundi_JogooRoad
Kama mafundi wote tungepewa vitabu vitano vya kufikiria 😂 Mimi mke wangu alinipa wiki mbili.

#7 Nyota_ya_Kayole
Mills & Boon! Kwani zimeisha? Mamangu alikuwa na sanduku zima. Safi kabisa, busu moja ukurasa wa mwisho na pete.

#8 Duka_la_Tom_Mboya
@Nyota_ya_Kayole, za mamako ndizo zilikuwa hivyo. Nauza vitabu vya mitumba barabarani, hizo nazijua kwa harufu. Mills & Boon ni kampuni ya tangu 1908, na leo ina mafungu mengi. Fungu la Modern lina moto, usimpe shosho. Mkitaka safi tafuteni jaladani maneno Love Inspired, ambazo ni za Harlequin, kampuni mama: ni mapenzi ya Kikristo, hakuna kitanda. Na Love Inspired Suspense ina mapenzi pamoja na fumbo la uhalifu, ndiyo mleta uzi anatafuta hasa. Kwangu zinatoka kwa shilingi 100 hadi 200 kulingana na hali ya kitabu. Msiangalie picha, angalieni fungu. Kuna jalada lina maua na ndani ni balaa, na lingine lina mwanamume kifua wazi kumbe ndani wanashikana mikono tu.

#9 Bint_Kisauni
Hilo la majalada ni kweli. Nikisomea kwenye matatu nafunika na karatasi ya kalenda kama daftari la shule. Kondakta aliniuliza nasomea mtihani gani, nikamwambia wa udereva.

#10 Kiko_cha_Msa
Dada Msomaji, hiyo #1 umetuonea. Kiswahili kina mpelelezi Bwana Msa! Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, ikashinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957/58 na kuchapishwa 1960. Kisha Kisima cha Giningi, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu, na nyingine. Bwana Msa anavuta kiko, anauliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi, na rafiki yake Najum anabaki kinywa wazi. Maiti ipo, lakini hupakwi damu. Ucheshi upo, na Kiswahili ni cha Unguja, kitamu kukisikia kikisomwa kwa sauti. Msomeeni huyo shosho, mjionee.

#11 MwalimuKarani
Naunga mkono #10. Anza na Mzimu wa Watu wa Kale, maana ndipo Bwana Msa anapojulikana.

#12 Kiko_cha_Msa
Mwalimu, hapo sikubaliani. Kwa wasomaji wapya anza na Duniani Kuna Watu. Mzimu inachelewa kuchangamka.

#13 Akinyi_Donholm
Bwana Msa nampenda, lakini tuseme ukweli. Wanawake mle ni wa kutafutwa, kuolewa na kushukiwa. Mleta uzi ameomba vitabu vya wasomaji wanawake. Nani anapeleleza akiwa amevaa leso?

#14 Shosho_wa_Kinoo
Wanangu, mimi nilifundishwa na masista, na maktaba yao ilijaa Georgette Heyer. Mapenzi ya Uingereza ya kale, magari ya farasi, madansi, wasichana wenye ulimi mkali. Hakuna kuvuliwa nguo, wanavuana kofia tu. The Grand Sophy ya 1950 ilinichekesha hadi sista akaninyang'anya. Na Miss Marple wa Agatha Christie ni bibi mzee anayefuma sweta na kunasa wauaji. Alianza kwenye riwaya mwaka 1930, The Murder at the Vicarage. Kuna kimoja hata anakuja huku kwetu Kenya.

#15 DuduLaVitabu
Shikamoo shosho. Nadhani unakumbuka A Caribbean Mystery ya 1964. Miss Marple yuko likizo visiwa vya Karibi. Kenya inatajwa na meja mzee anayemchosha kwa hadithi zake za alipokuwa huku. Anamsikiliza kwa adabu huku akihesabu nyuzi zake, halafu meja anakufa na yeye anajilaumu kwamba hakusikiliza vizuri. Hicho ni kizuri sana kwa chama.

#16 Shosho_wa_Kinoo
Marahaba. Asante mwanangu.

#17 Wakili_wa_Buruburu
The Grand Sophy naipenda, ila ina sura ya mkopeshaji Myahudi iliyojaa chuki ya wazi. Siku tuliyoisoma kikundini tulisimama hapo tukazungumza karibu saa nzima kuhusu jinsi Wahindi wa maduka wanavyochorwa katika hadithi zetu wenyewe. Si sababu ya kuitupa, lakini anayesoma kwa sauti ajue inakuja.

#18 Nyota_ya_Kayole
Kwa hivyo busu ni uchafu, ila maiti sebuleni ni burudani safi? Nauliza kwa nia njema. Mamangu haruhusu filamu mwanamke akibusiwa, lakini akisikia "ameuawa kwa sumu" anavuta kiti karibu.

#19 Msomaji_Umoja
@Nyota_ya_Kayole swali zuri hilo. Kwa upande wangu ni kwa sababu ya usomaji wa kikundi. Maiti ya Agatha Christie haimwaibishi mtu mbele ya mama mkwe. Tunaanza wote kubishana nani muuaji. Chumbani kukisomwa kwa sauti, kila mtu anaangalia miguu yake.

#20 Wakili_wa_Buruburu
Mimi naona sababu nyingine. Hadithi ya fumbo inaahidi haki. Mtu ameuawa, lakini kabla ya ukurasa wa mwisho aliyefanya atajulikana. Kwa anayeishi Nairobi, na anayejua kesi zinavyokaa mahakamani, hiyo ni faraja kuliko harusi. Wateja wangu wanawake ndio wanaosoma upelelezi zaidi.

#21 Bint_Kisauni
Au ni kwamba kifo tumekizoea na mapenzi tunayaonea haya. Kwenye matanga tunaongea mpaka asubuhi. Nani amewahi kumsikia babake akimwambia mamake anampenda?

#22 Fundi_JogooRoad
Babangu humwambia "umekula?" Hiyo ndiyo riwaya nzima.

#23 Akinyi_Donholm
@Fundi hiyo nimeipenda kweli. Mtu aiandike.

#24 MwalimuKarani
Turudi kwenye swali la Kiswahili. Nimefundisha fasihi miaka mingi, na sababu naiona wazi: soko la riwaya ya Kiswahili hapa Kenya ni shule. Mchapishaji anaota kitabu chake kiteuliwe kutahiniwa. Kikiteuliwa, nchi nzima inakinunua. Kisipoteuliwa, nakala zinalala ghalani. Mwandishi analijua hilo, kwa hivyo anaweka ufisadi, ardhi, ukimwi, ndoa za mapema, maana ndiyo maswali ya mtihani. Nani atatunga swali la alama 20 kuhusu wawili waliopendana wakacheka? Angalieni hata majina. Utengano. Kidagaa Kimemwozea. Chozi la Heri, iliyotahiniwa kuanzia 2018, heri ipo lakini chozi ndilo limetangulia.

#25 Duka_la_Tom_Mboya
Mwalimu, kwa heshima, si shule peke yake. Nimesimama pale Tom Mboya miaka. Mama anakuja, anaona riwaya mpya ya Kiswahili, bei ni ya dukani. Kando yake kuna ya Kiingereza iliyosomwa na Mwingereza ikaletwa kwa kontena, shilingi 100. Anachukua ya mia. Mwandishi wetu atashindana vipi na kitabu ambacho tayari kimelipiwa Uingereza?

#26 Nyota_ya_Kayole
Hadithi za Kiswahili za mapenzi ziko, mnatafuta mahali si pake. Ziko kwenye simu! Facebook na WhatsApp zimejaa sehemu ya kwanza hadi ya tisini. Binti za mtaani kwetu wanazisoma hadi chaji inaisha.

#27 Bint_Kisauni
Ziko, lakini nusu yake ni chombezo, yale yale ya chumbani, na wewe unajua. Zile zilizo safi zinakatikia pale patamu: "tuma pesa upate sehemu inayofuata". Niliwahi kutuma, mwandishi akaniblok. Mpaka leo sijui kama Zaituni alipanda ile feri.

#28 Kiko_cha_Msa
Na mimi napinga nyote watatu. Vitabu vilikuwepo kabla ya simu na kabla ya mitumba, nyinyi wa bara hamkuvisoma kwa sababu vilikuwa vya "watu wa pwani". Zainab Burhani, mwanamke, ameandika Mali ya Maskini, 1981, kisha Mwisho wa Kosa, 1987. Kachapishwa hapo hapo Nairobi na Longman. Mapenzi, wivu wa madada, posa, majirani. Na bado watu wanasema hakuna mwanamke aliyeandika mapenzi kwa Kiswahili.

#29 Msomaji_Umoja
Mwisho wa Kosa nimeisoma, Monalisa akirudi kutoka ng'ambo na maringo yake. Naipenda. Lakini jina lenyewe linakuonya tangu jaladani kwamba kuna mtu ataadhibiwa. Hicho ndicho ninachosema. Mwanamke wetu hawezi kukosea kidogo, akacheka, akaolewa.

#30 Kiko_cha_Msa
Bibi wee, maonyo ndiyo asili ya hadithi zetu. "Hapo zamani za kale" iliisha bila funzo lini? Huwezi kuutoa uti wa mgongo halafu ushangae mwili umelala.

#31 Akinyi_Donholm
Si kweli kwamba zote zilikuwa za funzo. Sungura anamwibia fisi, anakula, anakimbia, na tulikuwa tukishangilia. Nyanya yangu hakuongeza mahubiri. Funzo liliwekwa baadaye na vitabu vya darasani.

#32 Mwandishi_Ruaka
Nimekuwa nikisoma kimya. Niliandika riwaya ya Kiswahili ya aina hii: fundi cherehani wa Gikomba anayegundua wizi kupitia nguo anazorekebisha, na mteja anayeleta suruali ileile kila wiki ili amwone. Mchapishaji mmoja aliisifu, kisha akaniuliza: inafaa kidato cha ngapi, na dhamira ni gani? Nikasema ni ya mtu mzima kusoma Jumapili akiwa amenyoosha miguu. Ikaishia hapo. Lakini siwezi kusema ni shule peke yake. Kuandika ya kuchekesha ni kazi ngumu kuliko ya kuliza. Ukimuua mhusika, msomaji atalia hata kama sentensi ni mbovu. Ukitaka acheke, kila neno likae mahali pake. Nimeiandika upya ile sura ya posa mara nyingi na bado haijakaa.

#33 Fundi_JogooRoad
Suruali ileile kila wiki! Mimi nanunua hiyo leo. Weka namba ya sanduku la barua.

#34 Shosho_wa_Kinoo
Mwandishi, usiiache. Ukiwa na kurasa za kwanza, nitafurahi kuzisoma.

#35 Wakili_wa_Buruburu
Kabla hatujasahau wa hapa nyumbani waliotumia Kiingereza: zile Pacesetters, mfululizo wa riwaya nyepesi wa Macmillan ulioanza miaka ya 1970. For Mbatha and Rabeka ya David Maillu ni mapenzi ya mwalimu wa kijijini, msichana wake, na mwanamume wa Nairobi mwenye pesa. Haina uchafu.

#36 Nyota_ya_Kayole
Maillu?? Yule wa After 4.30? Vitabu vyake si vilipigwa marufuku Tanzania!

#37 Wakili_wa_Buruburu
Ndiye huyo huyo. Vile vya Comb Books, kampuni yake mwenyewe, vya miaka ya 1970 ndivyo vilivyoleta kelele. Cha Pacesetters ni kingine kabisa. Mwandishi mmoja anaweza kuwa na milango miwili, angalia unaingia upi.

#38 DuduLaVitabu
Na mnaotaka Nairobi yenyewe, kuna A Guide to the Birds of East Africa ya Nicholas Drayson, 2008. Msidanganywe na jina, si kitabu cha ndege. Bwana Malik, mjane mpole, Mhindi wa Nairobi, anampenda kimyakimya Rose Mbikwa anayeongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumanne. Anatokea mwanamume mwingine, tajiri na mwenye meno meupe. Wanawekeana dau klabuni: atakayeona aina nyingi zaidi za ndege kwa wiki moja ndiye atakayemwalika Rose kwenye dansi. Ni safi, kinachekesha, na kina fumbo dogo la nani anaandika safu ya siri gazetini.

#39 Akinyi_Donholm
Yaani wanaume wawili wanamshindania mwanamke kwa dau na yeye hajaulizwa? Na hicho tuwasomee wasichana?

#40 DuduLaVitabu
Rose ana akili yake na mwandishi anajua. Kisome kwanza, kisha uje tugombane.

#41 Akinyi_Donholm
Nitakisoma. Na nitarudi kugombana.

#42 Fundi_JogooRoad
Hayo matembezi ya ndege yapo kweli? Nauliza kwa sababu ya mke wangu.

#43 MwalimuKarani
Yapo, ya Nature Kenya, yanaanzia Makumbusho ya Taifa. Ila ni Jumatano asubuhi, si Jumanne. Jumanne ni ya kitabuni.

#44 Bint_Kisauni
Kuna pia Death in Kenya ya M. M. Kaye, ya 1958, mauaji na mapenzi kando ya ziwa Naivasha. Hakuna uchafu wa chumbani. Tena kuna Death in Zanzibar.

#45 Shosho_wa_Kinoo
Hicho cha Kenya ninakijua, na kwenye chama changu hakiingii. Ni wazungu wa mashamba wanaogopa, wakati huo Dharura ya enzi za Mau Mau haijapoa, na sisi tumo kama watumishi na washukiwa. Mimi nilikuwa mtoto ndani ya kijiji kilichozungushiwa mtaro. Usafi si wa chumbani peke yake.

#46 Wakili_wa_Buruburu
Shosho amesema. Nami naongeza: mkiulizia The Widows of Malabar Hill ya Sujata Massey, kuhusu wakili mwanamke wa Bombay mwaka 1921, ni kizuri sana na hakina uchafu, lakini kina ndoa ya mateso. Si cha kucheka. Nakitaja kwa sababu kila orodha ya upelelezi mwepesi inakiweka.

#47 Msomaji_Umoja
Asanteni. Jumamosi naenda Tom Mboya kutafuta A Caribbean Mystery na Love Inspired Suspense kadhaa. Bwana Msa nitamtafuta Maktaba ya Kaloleni. Hilo la #24 na #25 nitawauliza akina mama. Najua mmoja atasema tatizo ni waume wasiotupa muda wa kusoma.

#48 Duka_la_Tom_Mboya
Njoo kabla ya saa sita, baadaye askari wa kaunti hutusumbua. Bwana Msa ninaye mmoja, Siri ya Sifuri, jalada limetoka lakini kurasa zote zipo.

#49 Kiko_cha_Msa
Usimuuzie huyo dada, niuzie mimi! Nilikuwa nayo, ikaazimwa na shemeji.

#50 Msomaji_Umoja
Kaka, mimi ndiye mleta uzi. Foleni inaanzia kwangu.

#51 Shosho_wa_Kinoo
Mnapogombania hiyo, mwenye Mali ya Maskini kamili anijulishe. Yangu kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa na sikuwahi kujua ilivyoisha. Na asiniandikie hapa mwisho wake. Alete kitabu, chai ipo.